Sarafu ya dola 50 kwenye mizani ya Ami

Ndio, nilitoa pesa kununua pesa. Tena pesa ya Marekani ya 1855 ambayo hata Wamarekani wenyewe hawakuwahi kuipeleka dukani, na wala sikununua yenyewe, nilinunua kopi yake, na hiyo kopi nayo ikaja kuwa... subirini nisikimbie mbele. Mke wangu aliniambia hii stori nisiiandike popote. Haya, ndo naiandika.

Usiku wenyewe ulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, stima imepotea Tudor nzima hapa Mombasa, joto lile la kukufanya uchukie shuka, mtu hulali na daku bado. Watu wa maana saa hizo wako msikitini, mimi niko roshani na simu, chaji imebaki kidogo, bando la kubahatisha, nasoma habari za sarafu za zamani. Huu ugonjwa nimeupata kwa Ami yangu, ndugu yake marehemu baba, ambae ni sonara kule Mji wa Kale, kiduka chake ukubwa wa kabati la nguo, akiingia mteja wa pili wa kwanza lazima atoke, na chini ya meza ana kopo la Kimbo limejaa rupia. Hilo kopo mtalisikia tena.

Basi katika kusoma soma nikakutana na picha moja nikasimama hapo hapo. Sarafu ya dhahabu, kubwa, inajaza kiganja. Upande mmoja kichwa cha yule bibi wa Kimarekani wa uhuru, nyota zimemzunguka, chini 1855. Sasa kwenye sarafu za serikali yao yule bibi amevaa kitu kama taji kwenye paji la uso na hapo huandikwa LIBERTY. Huyu hapa pameandikwa KELLOGG & CO. Yaani mtu kachukua bibi wa serikali akamvisha jina la duka lake! Geuza upande wa pili kuna tai, San Francisco California, dola 50, halafu maandishi madogo mawili ambayo ndo yalinikosesha usingizi: 1309 GRS na 887 THOUS.

Mtu mwingine angepita. Lakini mimi nimelelewa mbele ya meza ya sonara, nikiona namba mbili zimekaa pamoja juu ya dhahabu najua moja ni uzito na ya pili ni usafi. Greni 1309, greni ni kipimo kidogo cha uzito cha zamani, na katika kila sehemu 1000 za hiyo sarafu 887 ni dhahabu tupu. Sarafu yajieleza yenyewe! Toeni shilingi mia ya noti mtizame kama imeandikwa popote inafaa nini. Haijaandikwa, imeandikwa jina na kuna sahihi ya mkubwa, wewe amini tu. Hii ya Kellogg haikuambii uamini, inakwambia nenda kapime.

Nikafuatilia kwa nini, na hapo bando likaisha, nikanunua lingine, daku ikanikuta bado nasoma.

Kumbe ilikuwa hivi. Tarehe 24 Januari 1848 jamaa mmoja, James Marshall, alikuwa anasimamia ujenzi wa kiwanda cha kupasua mbao cha Sutter, mahali paitwapo Coloma kule California, akaona vipande vyang'aa kwenye maji ya mtaro. Mwaka uliofuata dunia nzima ikahamia huko. Sasa tatizo la California halikuwa umaskini, tatizo lao lilikuwa kinyume, kila mtu ana dhahabu na hakuna mwenye chenji. Vumbi la dhahabu mfukoni, vibonge ndani ya soksi, lakini sarafu hakuna, na kiwanda kikuu cha serikali cha kupiga sarafu kiko Philadelphia, upande mwingine kabisa wa nchi, meli yazunguka miezi. Na pale bandarini San Francisco ushuru wa forodha wataka sarafu, hawataki mavumbi yako.

Jaribuni kufikiria mwende Kongowea alfajiri na unga wa dhahabu kwenye karatasi, mwataka fungu la nyanya. Baa za huko walikuwa wanalipwa kwa kubana, yani muuzaji anachovya kidole gumba na cha shahada ndani ya mfuko wako, kile alichoinua ndo bei ya kinywaji. Inasemekana wenye baa walikuwa wakitafuta wafanyakazi wenye vidole vinene. Hiyo mimi naiamini bila ushahidi maana nimeona watu wakipima bizari kwa kijiko hapa hapa.

Na vumbi lenyewe lilinunuliwa kwa kama dola 16 aunsi na mara nyingi chini ya hapo, wakati likifika Philadelphia na kusafishwa lina thamani zaidi, kwa hiyo kila anayelishika njiani anakula kidogo.

Sasa sheria. Katiba ya Marekani inasema majimbo yasipige sarafu. Majimbo. Haikusema kitu kuhusu Fulani bin Fulani mwenye nyundo na tanuri. Mlango huo wakaupita wengi, na si California ndo walianza, Templeton Reid alipiga sarafu zake za dhahabu Georgia tangu 1830, na familia ya Bechtler huko North Carolina kuanzia 1831, hao walipiga sarafu ya dhahabu ya dola 1 miaka mingi kabla serikali haijapiga yake 1849. Huyo Reid ana kisa chake nitakitaja tu: kuna sarafu yake ya dola 25 ya 1849, ya dhahabu ya California, ilikuwa moja tu inayojulikana, ikawekwa kwenye mkusanyo wa kiwanda cha sarafu cha serikali, ikaibiwa humo 1858 na mpaka leo haijaonekana. Ndani ya kiwanda cha serikali! Sina la kuongeza.

California 1849 wakaja Norris, Gregg & Norris na dola zao 5, wakaja Moffat & Co. ambao walikuwa wapimaji wa dhahabu wa kuheshimika, wakaja wengine chungu nzima, kila mmoja na muhuri wake. Na hapa ndo utamu ulipo kwa mtu aliyelelewa na sonara, maana ukishaacha kila mtu apige pesa, swali linabaki moja tu, nani anapunja?

Baldwin & Co. walipunja. Hawa walikuwa na sarafu nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, dola 10 ya 1850 ina mpanda farasi na kamba ya kukamatia ng'ombe, ukiitizama unasikia kwato. Lakini mwanzoni mwa 1851 mwenye benki mmoja alipeleka sarafu za makampuni zikapimwe na matokeo yakatoka gazetini, za Baldwin zikakutwa pungufu kama asilimia 3. Tatu tu! Mtasema si kitu. Nendeni mkamwambie mfanyabiashara mwenye elfu 10 sandukuni kwamba 300 hazipo. Kesho yake hakuna aliyetaka kuzishika, watu wakaziuza kwa hasara, zikayeyushwa, wenye kampuni wakapanda meli wakaondoka zao. Na kwa sababu ziliyeyushwa ndo leo zimekuwa adimu na bei yake haishikiki. Yaani sarafu ya mwizi leo ni ghali kuliko ya mwaminifu, hilo nalo mtaniambia nyinyi.

Huyo mwenye benki aliyepeleka sarafu zikapimwe aliitwa James King of William. Nilidhani wamekosea kuandika. Hapana, kulikuwa na akina James King wengi mno akaongeza jina la babake wasimchanganye, King wa William. James King bin William, kama sisi tu! Baadae alianzisha gazeti akawa anawataja wezi wa mji kwa majina, 1856 akapigwa risasi barabarani na mmoja wao akafa.

Serikali nayo ikaona aibu. Januari mwisho mwisho 1851 akafika San Francisco bwana Augustus Humbert, fundi wa makasha ya saa kutoka New York, sasa ana cheo cha mpimaji wa dhahabu wa Marekani, akafanya kazi na Moffat, wakaanza kupiga lile pande la dola 50 lenye pembe nane. Pembe nane wallahi, kama kigae cha chooni. Lilikuwa pesa rasmi nusu na kibonge cha dhahabu nusu, na usafi wake umegongwa juu, mengine 880 mengine 887. Kwa nini si 900 kama sarafu za serikali? Jibu lake liko kwenye chupa ya Ami.

Ami ana chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko kirefu, tindikali, ile kali ya kuyeyusha fedha na kuacha dhahabu. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuitizama. Dhahabu inapotoka mtoni huwa imechanganyika na fedha, ukitaka kuzitenga unahitaji hiyo tindikali, tena nyingi. San Francisco ya 1851 ilikuwa na dhahabu ya kujaza meli na haina tindikali ya kutosha. Basi wakawa wanapiga sarafu na fedha yake humo humo, ndo ukaona 880 na 887, na rangi yake imepauka kidogo. Hiyo ikaja kuwatokea puani 1852 wakati waziri wa fedha wa huko alipoagiza forodha isipokee sarafu zisizofika 900. Sarafu za ofisi ya serikali zakataliwa na forodha ya serikali ile ile. Nilipomsimulia Ami hapo alicheka mpaka akavua miwani, akasema "kwani bandari ni moja duniani."

Sasa Kellogg. John Glover Kellogg alifika San Francisco Oktoba 1849, akafanya kazi kwa Moffat, akaijua kazi. Desemba 1853 ofisi ya upimaji ya serikali ikafungwa ili kiwanda kamili cha sarafu kifunguliwe, lakini kiwanda hakikuwa tayari mpaka Aprili 1854, na hata kilipofunguliwa kilianza kwa kuchechemea, tena tindikali ile ile. Mji umekwama bila sarafu. Wenye mabenki wakamfuata Kellogg na mwenzake Richter, Februari 1854 dola 20 zao zikaanza kutoka, na watu wakazikubali maana mkono wa Kellogg ulishajulikana. Baadae Richter akatoka akaingia Humbert, yule yule wa pembe nane.

Na 1855 wakapiga hii ya dola 50.

Hii ndo iliyonikamata. Zile za dola 20 zilienda sokoni, zikashikwa, zikachakaa, zikaenda zikarudi. Hii ya 50 haikwenda popote. Waliipiga chache sana, zinazojulikana leo ni kama dazeni moja na kidogo, na zote zimepigwa kwa namna ile ya maonyesho, muhuri umeng'arishwa mpaka ukawa kioo na sarafu yenyewe ikatoka na uso wa kioo, ni vitu vya kupewa mkubwa mkononi azitizame. Sarafu ya sampuli. Kama vile mwenye duka la leso Biashara Street anavyoletewa kwanza kipande kimoja cha mchoro mpya, aone rangi, aone pindo, asome jina, akikubali ndo majora yachapwe. Wengine walifanya sampuli zao kwa shaba kabisa ili wasichezee dhahabu, Clark, Gruber & Co. wa Denver walifanya hivyo na sarafu zao za 1860, zile zenye mlima wa Pikes Peak uliochorwa mchongoko kama sambusa. Kellogg yeye sampuli yake ni ya dhahabu nzima. Leso la sampuli lililofumwa kwa hariri, na majora hayakuja kamwe. Dola 50 za mviringo zilizoingia mtaani mwaka huo zilikuwa za Wass, Molitor & Co., Wahungaria wawili waliokimbia nchi yao, hizo ukiziona zimechubuka vizuri, zimefanya kazi.

Kwa hiyo hapo nina pesa ambayo imeandikwa uzito wake na usafi wake ili mtu yeyote aipime asidhulumiwe, na hakuna aliyewahi kupimiwa. Nilikaa roshani nikaionea huruma sarafu. Saa kumi usiku. Njaa hiyo.

Siku ya pili baada ya swala ya alasiri nikaenda kwa Ami, kumsalimu na kumpeleka tende za futari, lakini ukweli nilienda na namba. Nikamkuta juu ya kibao chake, kibano mkononi, anaunga mkufu wa bi harusi.

"Ami, dhahabu ya 887 ni karati ngapi?"

Hakuinua kichwa. "Ishirini na moja na robo, yazidi kidogo. Ni ya nani?"

"Ya Mmarekani. Greni 1309."

Hapo akaweka kibano. Maana vijana wa siku hizi tunamuuliza kwa gramu, greni hajaulizwa tangu enzi za babu. Akatizama juu kwenye feni, akawa ahesabu kwa midomo. "Tola ni greni 180. Sabaa... elfu na mia mbili na sitini. Zabaki arubaini na tisa. Tola saba na robo na punje." Kisha akaniangalia. "Kubwa hino. Yawa ni kidani?"

Nikamwambia ni sarafu. Akasema sarafu ya tola saba huna mfuko wa kuiweka. Nikamwonyesha picha, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akatizama muda mrefu, akasoma KELLOGG herufi moja moja, akauliza "huyu alikuwa sonara?" Nikasema kiasi. Akasema ndo maana kaandika uzito, sonara mwenye haya huandika uzito.

Kisha akainama akatoa kopo la Kimbo.

Nililijua kopo tangu utoto ila sikuwahi kuambiwa kazi yake. Rupia ya zamani, ile ya Bara Hindi ya malkia Victoria iliyotumika hapa pwani yetu hadi 1920 kabla ya florini na shilingi, ilipigwa uzito wa tola moja kamili, greni 180. Babu hakuwa akinunua mawe ya mizani, alikuwa akitumia rupia. Pesa ndo jiwe la mizani! Unataka tola tatu, weka rupia tatu kitangani. Na ndani ya kopo, kati ya hizo za malkia, Ami akatoa mbili akanipa mkononi. Sikuamini macho. Zimeandikwa Mombasa. Mwaka 1888.

Na kumbe sisi tulikuwa na Kellogg wetu na sijui! Hiyo ni sarafu ya ile kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, kampuni tu, ya biashara, ya bwana William Mackinnon, iliyokodi pwani kwa Sultani ikapewa hati na malkia 1888, ikapiga sarafu zake zenye jina la mji wetu, jua lenye taji upande mmoja na mizani upande wa pili. Mizani, hebu oneni. 1895 kampuni ikashindwa ikafunga virago serikali ya Uingereza ikachukua. Na Mackinnon ndo jina la lile soko ambalo sisi twaliita Marikiti, twanunua humo bizari kila siku hatuna habari. Na neno lenyewe pesa latokana na paisa ya Kihindi, ile sarafu ndogo, na kampuni hiyo ilipiga pia za shaba. Watu wa California walilazimika kupiga pesa binafsi kwa sababu serikali iko mbali, sisi tulipigiwa pesa binafsi na watu waliotoka mbali. Nilimwambia Ami hivyo nikidhani nimesema kitu kikubwa, akasema "haya, rudisha kopo."

Sasa ndo tufike kwenye ujinga wangu.

Nilitaka kuishika. Sio kuitizama simuni, kuishika. Ya kweli huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwa hiyo nikatafuta kopi, na kopi zipo tele. Hata kuna zile za heshima, zilizopigwa 2001 kwa dhahabu iliyotoka kwenye meli ya SS Central America, ile iliyozama Septemba 1857 na watu zaidi ya 400 na mzigo mkubwa wa dhahabu ya California, ikaja kupatikana chini ya bahari 1988, humo kulikuwa na vipande vya Kellogg na Humbert vyenyewe, kimoja kina uzito wa karibu kilo 29, kiliuzwa dola milioni 8. Vipande vingine vikayeyushwa vikapigwa upya sarafu ya dola 50 ya Kellogg. Hizo pia si za mfuko wangu. Mimi nikapata muuzaji mtandaoni, simtaji, anauza "kopi yenye uzito kamili wa asili, imepakwa dhahabu halisi". Uzito kamili, mimi nikashika hapo hapo. Elfu nne na mia tano za Kenya pamoja na usafiri. Mke wangu alijua mwezi mmoja baadae, na alijua kwa sababu mzigo aliupokea yeye.

Nikafungua. Nzuri jamani. Bibi yupo, tai yupo, KELLOGG & CO. kwenye taji, 1309 GRS, 887 THOUS. Mkononi ilikuwa nyepesi kidogo lakini moyo ukanambia ni wewe tu hujazoea. Nikaruka kwenye tuktuk mpaka Ndia Kuu, nikaingia kwa miguu, sikununua hata kahawa.

Ami akaichukua, hakuitizama. Akafumba macho akaipima kwa kiganja, akaitupa juu kidogo ikaanguka, akafanya hivi na mdomo. Sikupenda alivyofanya mdomo. Akaidondosha mezani, ikalia kama kifuniko cha chupa ya soda. Dhahabu hailii hivyo, dhahabu hulia kwa utulivu, huo mlio naujua hata usingizini.

"Yasema tola ngapi?"

"Saba na robo, Ami."

Ana mizani ya betri ya kuonyesha wateja, maana wateja wataka kuona namba, lakini siku hiyo aliitoa ile ya vitanga viwili ya babu, akaisimamisha, akasubiri ulimi wake utulie. Akaweka sarafu yangu kitanga cha kushoto. Kulia akaanza kuweka rupia. Moja. Mbili. Tatu. Nami nasubiri, nasema moyoni bado nne. Kitanga cha kushoto kikaanza kutikisika. Akachukua ya nne akaiweka pole pole kama mtu anayelaza mtoto, na Kellogg wangu akapaa juu. Akapaa! Ami akaitoa ile ya nne, akachokora kopo, akapata nusu rupia, akaiweka badala yake. Mizani ikasimama sawa sawa, ulimi katikati, hautikisiki.

"Tola tatu na nusu. Mwanangu, ushaibiwa nusu."

Akachukua lile jiwe lake jeusi la kujaribia dhahabu akaisugua sarafu ukingoni, ukatoka mstari wa manjano mzuri, akadondosha tindikali, mstari ukabaki. Nikapata matumaini, sijui ya nini. Akasugua tena mahali pale pale kwa nguvu, mstari wa pili ukatoka manjano ya sufuria, tindikali ilipogusa ukachemka kijani ukapotea. Shaba nyekundu na zinki, akasema, yaani bras, ile ya kufulia mapambo ya milango. Kwa umbo lile lile bras ina uzito wa kama nusu ya dhahabu ya namna ile, ndo maana ikaja hivyo. Ile rangi ya juu ilikuwa kweli dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.

Yaani mtu alipiga sarafu, akaandika uzito wake wa kweli. Mtu mwingine baada ya miaka mia na sitini na kitu akanakili mpaka lile andiko la uzito, likawa uongo. Baldwin alipunja asilimia 3 akafukuzwa mji, mimi nimepunjwa hamsini na kitu na nikampa nyota tano kabla sijafungua mzigo.

Nilimwambia Ami anisaidie kuitupa baharini pale nyuma ya Fort Jesus. Akasema bras ni bras, haitupwi. Akavaa lenzi yake jichoni, akachukua ile kalamu ya chuma ya kuchongea majina kwenye pete za harusi, akainama. Sauti yake ni krr krr, kama panya ukutani. Alichukua muda, mteja akaja akaambiwa asubiri nje barazani, akasubiri.

Alipomaliza akapuliza vumbi akanipa. Chini ya 1309 GRS amepiga mstari mmoja mwembamba wa kukata, na pembeni yake kwa mwandiko wake ule wa kulala, amechonga: tola 3½.

Nikaiweka mfukoni. Akanyoosha mkono. "Wacha hapa." Nikampa, akalifungua kopo la Kimbo akaitia ndani pamoja na rupia. Juzi nilipita nikamkuta anapimia mteja bangili, kitanga cha kulia kina rupia mbili za malkia na Kellogg wangu, na mteja yuauliza hiyo kubwa ya manjano ni tola ngapi, Ami akamwambia imeandikwa, soma.